Nota Ukutani: Kwaya na Ukurasa Mmoja Mkubwa

Ndugu wanafunzi wa zamani, pamoja nanyi wadogo zetu mlioko shuleni hivi sasa: katika kikao cha mwisho cha chama chetu kulizuka shauri lililochukua muda mrefu kuliko hesabu za mwaka mzima. Kwaya ya shule imeomba ifungiwe projekta na kiwambo kikubwa ukumbini, ili nota za nyimbo zionyeshwe hapo na waimbaji wote wasome pamoja, badala ya watu arobaini kugombea karatasi tano. Wapo walioliunga mkono ombi hilo papo hapo. Wapo waliolipinga, wakidai kuwa kwaya halisi husimama na vitabu mkononi, na kwamba kumweka mwimbaji atazame ukuta ni kumgeuza mtazamaji wa sinema. Mzee mmoja wa miaka ya mwanzo ya shule, ambaye namheshimu sana, alisema kuwa haya ni mambo ya vijana wa siku hizi na yatapita kama yalivyopita mengine. Mimi nilikaa kimya, na nadhani ni kwa sababu hiyo kamati ikaniagiza niandike historia ya jambo lenyewe katika gazeti letu.

Nimesoma nilichoweza kukipata, na namwomba radhi mzee wangu: jambo hili si la vijana wa siku hizi. Kwaya zilianza kusoma katika ukurasa mmoja mkubwa uliowekwa mbele ya wote. Karatasi ya kila mtu mkononi mwake ndiyo iliyokuja baadaye, na katika sehemu kubwa ya dunia, pamoja na sehemu yetu, ilichelewa sana kufika.

Hapo kale katika Ulaya mwimbaji wa kanisa alijifunza kila wimbo kwa kumsikiliza mwalimu na kuukariri. Aliyeibadili hali hiyo zaidi ya wengine alikuwa mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, katika karne ya 11. Alizipanga nota juu ya mistari ili jicho lione wazi mahali sauti inapopanda na inaposhuka. Tena akazipa sauti sita majina, ut, re, mi, fa, sol, la, akiyatoa katika mianzo ya mishororo ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Aliandika mwenyewe kwamba kwa njia yake mwimbaji angejifunza kwa mwaka mmoja, au miwili kwa wingi, mambo yaliyokuwa yakichukua miaka kumi. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma, akakifunua kitabu chake, na kwa mujibu wa barua ya Guido, Papa hakuinuka mpaka alipokwisha kuimba mstari ambao hakuwa ameusikia kamwe. Kuimba usichokisikia kamwe! Naomba msomaji alishike neno hilo, maana huko mbele nitalihitaji.

Lakini kitabu kilikuwa ghali. Kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama, na hapakuwa na kanisa lililoweza kumpa kila mwimbaji nakala yake. Dawa yake ilikuwa rahisi: andika kitabu kimoja kikubwa mno, kiweke juu ya kinara cha kusomea, na kwaya yote ikizunguke.

Mfano ninaoupenda unatoka katika shule ya bweni, ijapokuwa bweni lao na letu ni mbingu na ardhi. Chuo cha Eton, karibu na London, kilianzishwa na Mfalme Henry wa 6 mwaka 1440. Kanuni zake zilitaka kwaya ya wanaume na wavulana iimbe wimbo wa Bikira Maria kila jioni. Kwa ajili hiyo, baina ya miaka ya 1500 na 1505 hivi, kiliandikwa kitabu cha kwaya ambacho hadi leo kinatunzwa pale pale chuoni. Kila ukurasa una urefu wa karibu sentimita 60 na upana wa sentimita 42. Kikifunuliwa, kurasa mbili huonekana kwa pamoja, na kila sauti ina mahali pake: ya juu kabisa huku, teno kule, besi pale. Sauti hazikupangwa moja chini ya nyingine kama tulivyozoea leo. Mvulana alitafuta mahali pa sauti yake, akaganda hapo kwa macho, huku masikio yakiwasikiliza wenzake. Wimbo mmoja humo, uliotungwa na Robert Wylkynson, una sauti 9, na zote hizo zilisomwa katika kitabu kimoja.

Kuna ufundi mmoja katika vitabu hivyo ulionistaajabisha. Kwa kuwa ukurasa ulikuwa mmoja kwa wote, ulipofunuliwa ulifunuliwa kwa wote. Basi mwandishi alilazimika kupanga mambo ili sauti zote, zenye nota nyingi na zenye nota chache, zifike mwisho wa ukurasa kwa wakati mmoja. Besi yenye nota ndefu ilipewa nafasi ndogo, sauti ya kwanza yenye mapambo mengi ikapewa nafasi kubwa, na wote wakakutana ukingoni. Wanaodhani kwamba kazi ya kuonyesha nota ukutani ni ya kubonyeza kidude tu, na wamfikirie mwandishi huyo.

Kitabu cha Eton kilikuwa na karatasi 224. Leo zimebaki 126. Katika utawala wa Mfalme Edward wa 6, mwaka 1549 na 1550, vitabu vya ibada ya Kilatini viliamriwa viharibiwe kote Uingereza, na kwaya nyingi zilipoteza kila kitu. Hapo ndipo ubaya wa ukurasa mmoja unapoonekana: ukichomwa, umechoma nyimbo za watu wote.

Huko Hispania vitabu vya namna hii viliendelea kutengenezwa kwa muda mrefu. Katika monasteri ya El Escorial, iliyojengwa na Mfalme Philip wa 2 kati ya mwaka 1563 na 1584, vipo zaidi ya 200, vikubwa kiasi cha kumtoa jasho anayevibeba. Kwingineko mashine ya kupiga chapa ilikuwa imekwisha kuanza kazi yake. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci alichapa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi mjini Venice, na baada ya hapo vikaja vitabu vidogo vya sauti moja moja. Katika miaka ya 1840 kampuni ya Novello ya London iliuza nakala za bei nafuu zilizoonyesha sauti zote, hata vibarua na makarani wakaweza kuzinunua. Kila mtu akawa na chake. Ilikuwa neema kubwa, na sitaki kuibeza. Lakini tangu siku hiyo walimu wa kwaya duniani kote wamekuwa na wimbo mmoja wasiochoka kuuimba: inua kichwa, nitazame mimi!

Katika miaka hiyo hiyo ya Novello ndipo ukuta uliporudi, na safari hii ulirudi kwa ajili ya maskini. Katika mji wa Norwich aliishi mwalimu mwanamke, Sarah Ann Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Alikuwa akifundisha watoto kuimba kwa kutumia ngazi ya herufi iliyotundikwa ukutani. Mwaka 1835 alichapa kitabu kueleza njia yake. Mchungaji John Curwen, ambaye mwaka 1841 aliombwa na mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull atafute njia nyepesi ya kufundisha watu kuimba, alikiona kitabu hicho, akaichukua njia ya Bibi Glover na kuirekebisha. Hakuanza kwa kumwomba ruhusa, na Bibi hakuyapenda yote aliyoyabadili. Hata hivyo jina la Curwen ndilo lililokwenda mbali, kama ilivyo kawaida.

Kitu kikubwa katika mafundisho ya Curwen kilikuwa chati. Ilitundikwa ukutani, imeandikwa herufi za sauti kutoka chini kwenda juu, doh katikati, na pembeni mwake safu nyingine kwa ajili ya kuhamia katika ufunguo wa jirani. Mwalimu alishika fimbo akaonyesha herufi, watoto wakaimba alipoonyesha. Chati moja na fimbo moja ziliwatosha watoto mia, nao hawakuhitaji kitabu. Tena wote walikuwa wameinua vichwa!

Andishi lake nalo lilikuwa la kimaskini kwa maana iliyo njema. Sauti saba zikawa herufi saba, d, r, m, f, s, l, t. Ile ya mwisho iligeuzwa kutoka si ikawa ti, ili isigongane na sol. Nukta pacha hutenga mapigo, mstari wa wima hutangulia pigo lenye nguvu, kistari hurefusha sauti, nukta hukata pigo nusu. Vyote hivyo vilikuwamo katika kila kiwanda cha kupiga chapa, na baadaye katika kila taipureta. Nota za mistari mitano zilihitaji fundi maalumu. Solfa ilihitaji karani tu, na mimi ninayekula mshahara wa ukarani wa serikali nalisema hilo kwa fahari kidogo.

Ndiyo maana solfa ilisafiri. Iliingia Afrika ya Kusini katika shule za misheni mwaka 1855, na katika miaka ya 1860 wamisionari wa London Missionary Society waliifikisha Madagaska. Waliokuwa wamefundishwa kwa fimbo na chati hawakukaa wakingoja kufundishwa nyimbo za wageni milele. Mwaka 1885 John Knox Bokwe alitoa kitabu cha nyimbo za Lovedale katika solfa, zikiwamo alizozitunga mwenyewe kwa Kixhosa. Na mwaka 1897 mwalimu kijana wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, aliandika katika daftari lake wimbo wa kwaya ambao wasomaji wote wa gazeti hili wameuimba mara nyingi kuliko wimbo wowote mwingine. Tanganyika iliuchukua wimbo huo kwa Kiswahili mwaka 1961, nao ndio wetu mpaka leo. Uliandikwa kwa herufi za solfa. Sontonga alifariki mwaka 1905 kabla ya kuchapa daftari lake, na kwaya zikawa zinaziazima nyimbo kwa mjane wake na kuzinakili. Fikirini, ndugu zangu, ni kwa uzi mwembamba namna gani wimbo wa taifa ulitufikia.

Ninasisitiza habari ya Sontonga kwa sababu wako wasomi wanaoidharau solfa, wakisema ni nota za watu wasioweza kusoma nota. Kweli ina upungufu. Wimbo unaobadili ufunguo kila baada ya mistari miwili huwa kichaka ndani ya solfa, na mpiga kinanda haimsaidii sana. Lakini kwa kwaya isiyo na kinanda wala fedha, sijaona bado kilichoishinda.

Sasa nije shuleni kwetu. Mimi nilisoma hapa katika miaka ya 1990, na kiwambo chetu kilikuwa ubao mweusi wa bwalo. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye waliosoma wakati huo hawahitaji nimtaje jina, aliandika wimbo mzima kwa chaki jioni ya Jumatano, sauti nne, herufi za urefu wa kidole, na maneno chini yake. Tulisimama nusu duara baada ya chakula, harufu ya maharage bado ingali hewani, tukasoma. Kwanza solfa bila maneno, kila sauti peke yake, kisha sauti mbili mbili, ndipo maneno. Mtu wa kidato cha kwanza aliyeingia Januari hajui doh wala re, kufikia Pasaka alikuwa akisoma wimbo mpya ubaoni. Hatukuwa na akili kuliko wanafunzi wa leo. Tulikuwa na ubao, na mwalimu aliyekataa katakata kutuimbia sauti kabla hatujajaribu kuisoma.

Ila ubao una tabia ya kufutwa. Mwaka wa sherehe za Jubilei mwalimu alitutungia wimbo wa shule wa sauti nne. Aliuandika ubaoni moja kwa moja. Jumamosi wanafunzi wa zamu walisafisha bwalo wakafuta ubao, kama ulivyokuwa wajibu wao. Baadhi yetu tulikuwa tumenakili sauti zetu katika madaftari, kila mtu yake, kwa maana hakuna aliyeona haja ya kunakili ya jirani. Sherehe zikaenda vizuri kwa kuwa vichwa vilikuwa vimeshika. Mwalimu alihamishwa, baadaye akafariki. Kwaya ya sasa huuimba wimbo huo kwa sauti moja, yaani ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopokewa mdomo kwa mdomo. Wanafunzi niliozungumza nao hawakujua kamwe kwamba una sauti nyingine.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema kuhusu ombi la kiwambo, na si la fedha.

Viwambo vimekwisha kuenea. Makanisa mengi ya mijini sasa yana projekta, na Jumapili maneno ya nyimbo hutokea ukutani. Nalo lina historia yake, lakini ni ukoo mwingine kabisa. Babu yake si kitabu cha Eton wala chati ya Curwen. Babu yake ni taa ya picha, ile iliyomulika vioo vilivyochorwa, ambayo hata Livingstone aliibeba katika safari zake humu barani kuwaonyesha watu picha za Biblia. Katika karne ya 19 makanisa ya Uingereza na Marekani yalianza kumulika maneno ya tenzi kwa taa hizo. Katika miaka ya 1920 ndugu wa Fleischer kule Marekani walitoa filamu fupi ambazo kidoa cheupe kilirukaruka juu ya maneno ili watazamaji wa sinema waimbe pamoja. Ikaja projekta ya karatasi za plastiki, iliyokuwa katika vyuo vya ualimu, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 programu za kompyuta za kutengeneza slaidi. Ukoo huo wote unaonyesha maneno matupu, na una haki, kwa sababu umma unaoimba unaujua wimbo tayari.

Kwaya haiko hivyo. Kwaya ikionyeshwa maneno matupu italazimika kufundishwa sauti kwa kuimbiwa, mpaka ikariri, na tutakuwa tumenunua mtambo wa bei ghali ili kuturudisha kabla ya Guido. Nimekwisha kuona kwaya za vijana zenye vifaa vya kila namna ambazo hakuna hata mmoja awezaye kusoma mstari mmoja wa solfa. Hujifunza kutoka katika rekodi. Huimba vizuri sana kile ambacho wengine wamekwisha kukiimba. Mtunzi akiwaletea karatasi mpya, hukaa nayo kama barua ya lugha ya kigeni.

Kwa hiyo nilipima, kwa hesabu za mgongoni mwa bahasha, kama nota zenyewe zinaweza kusomeka katika ukumbi wetu. Mwimbaji hushika karatasi umbali wa sentimita 60 hivi kutoka machoni. Akisimama mita 10 kutoka ukutani, kila kitu hapana budi kikuzwe karibu mara 17 ili akione kwa ukubwa ule ule. Karatasi ya A4 ikikuzwa hivyo inakuwa na upana wa mita 3 na nusu na urefu wa mita 5. Ukuta wetu hauna nafasi hiyo, na dari litagoma. Basi asitokee mtu akadhani atapiga picha ukurasa mzima na kuumulika: safu ya nyuma wataona wadudu tu. Ukurasa lazima ukatwe, mstari mmoja au miwili ya wimbo kwa kila slaidi. Mistari mitano yenye kimo cha milimita 7 katika karatasi inahitaji karibu sentimita 12 ukutani. Weka sauti nne na maneno na nafasi kati yake, umekwisha kupita mita nzima, na kiwambo cha kawaida kimejaa.

Solfa ni nyepesi zaidi. Herufi ya milimita 2 na nusu inakuwa sentimita 4 na kitu. Sauti nne pamoja na maneno ni safu tano, sentimita 40 hivi kwa jumla, hivyo kiwambo cha kimo cha mita 1 na nusu kinachukua mafungu matatu bila kubanana. Yaani andishi lililobuniwa kwa ajili ya ukuta wa shule ya Jumapili bado ndilo linalopenda ukuta kuliko lingine. Tena huandikwa kwa kompyuta yoyote, kama lilivyoandikwa kwa taipureta.

Yako mambo mengine madogo, na yaliyonishinda nimeyaacha kwa mafundi. Kiwambo kiwe nyuma ya mwalimu, juu ya kichwa chake, ili macho ya waimbaji yawe juu na mkono wake uwe njiani mwa macho hayo. Kwenye tamasha, kwaya inapowaelekea wageni, ukuta wa mbele haufai kitu, na wimbo uwe umekwisha kuingia kichwani au kila mtu awe na karatasi. Anayebadilisha slaidi awe mwimbaji anayesoma nota, wala asiwe fundi wa vipaza sauti, kwa sababu jicho la msomaji hutangulia sauti yake, na slaidi inayosubiri nota ya mwisho iimbwe imekwisha kuchelewa. Afanye kama mwandishi wa Eton: akate mahali pa kupumua, sauti zote zifike ukingoni pamoja. Umeme ukikatika, ubao upo, na ninaomba usiondolewe kwa kisingizio cha usasa.

Lipo na jambo la sheria. Kugeuza karatasi ya mtunzi kuwa slaidi ni kuinakili, na watunzi wetu wengi wa nyimbo za kwaya wangali hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuandikwa kwa ajili ya kanda za muziki wa dansi peke yake. Kuomba ruhusa kwa barua au kwa simu si kazi kubwa, na sijamsikia mtunzi aliyekataa shule.

Na wale wanaosema nakala za vitabu zingefaa zaidi? Sipingani nao sana. Mwaka 2012 okestra ya Brussels Philharmonic ilipiga tamasha kila mpigaji akiwa na tableti badala ya karatasi, kwa hiyo hata usasa wenyewe haujaamua kama unataka ukurasa mmoja kwa wote au mmoja kwa kila mtu. Lakini kwaya yetu ina watu arobaini, nyimbo hubadilika kila muhula, na simu, ambazo kwaya za mitaani husomea nota siku hizi, haziruhusiwi bwenini. Katika hali hiyo naona ukuta una hoja yenye nguvu zaidi. Naunga mkono ombi, kwa sharti kwamba kila wimbo utakaofundishwa kwa kiwambo hicho uonyeshwe kwanza kwa nota zake.

Pana kazi moja ambayo chama kinaweza kuianza hata kabla ya kununua waya mmoja. Nyimbo zilizoandikwa katika ule ubao wa bwalo, kwa miaka na miaka, ziko katika madaftari yetu, chini ya masanduku, pamoja na vyeti na picha za mahafali. Kompyuta ya ofisi ya shule inatosha kuzichapa, na nimekubaliana na mwalimu wa sasa wa kwaya kwamba nitazichapa mwenyewe jioni, wimbo mmoja mmoja, na kuacha nakala tatu: moja shuleni, moja kwa katibu wa chama, moja kwangu. Mlio karibu leteni madaftari siku ya mkutano. Mlio mbali pigeni picha kurasa, mzitume kwa katibu, na mwandike mwaka na sauti mliyokuwa mkiimba.

Nianze mimi. Ninayo besi ya wimbo wa Jubilei, beti zote, isipokuwa mapigo manne karibu na mwisho ambapo ukurasa umeliwa na mchwa. Natafuta sauti ya pili na teno.